Moramu: maana, matumizi na mipaka ya neno

moramu nm [i-/zi-] Pia: molamu, maramu; katika maandishi ya Kenya aghalabu murram.
1. mchanganyiko wa asili wa vipande vidogo vya mawe magumu, mchanga na kiasi cha mfinyanzi, agh. wenye rangi nyekundu, kahawia au manjano, unaochimbwa, kutandazwa barabarani na kushindiliwa: *~ ya machimbo haya inashika vizuri.*
2. (jiolojia, uhandisi) vibonge au tabaka la udongo lililogandamanishwa na oksidi za chuma na alumini, lateriti.

Maana hizi mbili hukutana mara nyingi, lakini si moja. Ya kwanza hutaja kazi: ni kitu chochote cha asili kinachotandazwa barabarani kikashika. Ya pili hutaja asili: namna udongo wenyewe ulivyotokea. Mwenyekiti wa kijiji wilayani Bahi anayesema “tunaomba moramu kabla ya masika” anatumia maana ya kwanza, na hana haja ya kujua kama vipande vitakavyomwagwa ni vya chuma, vya kwatzi au vya chokaa. Mhandisi anayeandika ripoti ya machimbo huenda anatumia ya pili. Mfasiri aliyekaa kati yao asipouliza ni ipi iliyokusudiwa ataandika “lateriti” mahali penye chokaa, au “changarawe” mahali ambapo mkataba unadai udongo wenye mfinyanzi wa kiasi maalumu. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye karatasi. Huonekana mvua ya kwanza inaponyesha, gari la wagonjwa likikwama.

Mifano mingi hapa chini ni ya Bahi, mkoani Dodoma, kwa sababu ardhi ya huko huyatenganisha maneno haya wazi kuliko ya mahali penye mvua nyingi.

Asili ya maneno

Moramu limetoka India. Hobson-Jobson, kamusi ya maneno yaliyotumiwa na Waingereza wa India, iliyochapishwa mwaka 1886, inalo neno hili kwa umbo la karibu na kulihusisha na Kimarathi, lugha ya magharibi mwa nchi hiyo. Huko lilihusu mwamba uliooza ukawa vipande vinavyofaa kutengenezea barabara. Tangu mwanzo, basi, lilikuwa neno la kazi, wala halikufungamana na lateriti. Lilipita katika Kiingereza cha makoloni likafika Afrika Mashariki, na Kiswahili kikalipa irabu ya mwisho kama kilivyolipa boza na greda. Ubadilishanaji wa /r/ na /l/ uliozaa molamu ni wa kawaida katika lugha nyingi za Kibantu za bara, kwa hiyo umbo hilo halistahili kuchekwa. Hata hivyo, katika maandishi rasmi moramu ndilo umbo lililoenea zaidi nchini Tanzania, na ndilo tunalolipendekeza.

Lateriti lina historia nyingine. Mwaka 1807 daktari Mskoti Francis Buchanan alichapisha maelezo ya safari yake kusini mwa India. Alieleza kwamba huko Angadipuram, katika Malabar, watu walichimba udongo laini wenye chuma, wakaukata kwa vyuma katika umbo la matofali, wakauacha hewani, nao ukawa mgumu wa kujengea nyumba. Kwa Kilatini tofali ni *later*, na hapo ndipo jina lilipotoka. Maana yake ya awali, basi, ni udongo ulio laini ardhini na unaokuwa mgumu ukifunuliwa hewani. Rangi haikuhusika kwa lazima. Wahandisi wa barabara waliipenda sifa hiyo, kwa sababu tabaka linalozidi kushikana kadiri linavyokauka na kulowa ni zawadi. Lakini si kila udongo mwekundu wa nchi za joto una sifa hiyo, na mengi ya makosa ya tafsiri huanzia hapo.

Neno la tatu linalohitajika ni kivumishi: udongo *wa kilateriti*. Joto na mvua za muda mrefu huosha silika na chumvi nyingine kutoka katika mwamba uliooza na kuacha nyuma oksidi za chuma na alumini. Uoshaji ukifika mbali, hupatikana lateriti; ukiwa bado njiani, hupatikana udongo wa kilateriti. Mwaka 1927 Martin na Doyne, waliokuwa wakichunguza udongo wa Sierra Leone, walipendekeza mpaka wa kikemia: katika sehemu ya mfinyanzi, silika ikigawanywa kwa alumina na jibu likawa chini ya 1.33, huo ni udongo wa lateriti. Likiwa kati ya 1.33 na 2, ni wa kilateriti. Mhandisi wa barabara hautumii sana uwiano huo, na kwa sababu nzuri. Udongo wa aina mbili wenye uwiano mmoja unaweza kutofautiana kabisa chini ya gurudumu, kwa kuwa chuma katika mmoja kimeshaganda kuwa vibonge na katika mwingine bado kimetawanyika kama rangi tu. Mfasiri, hata hivyo, anapaswa kuitunza tofauti ya nomino na kivumishi. Asiandike “lateriti” ambapo chanzo kinasema “wa kilateriti”.

Ardhi ya Bahi

Bahi ilikuwa wilaya mwaka 2007, baada ya Dodoma Vijijini kugawanywa. Barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida hupita humo, na Reli ya Kati pia. Upande wa chini kuna Mbuga ya Bahi, bonde tambarare lisilo na mkondo wa kutokea baharini, ambalo Mto Bubu unaotoka upande wa Kondoa huishia humo. Mvua ya mwaka katika nchi hii ni takriban milimita 500 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mvua ya namna hiyo haitoshi kuunda lateriti leo. Vibonge vya chuma vinavyopatikana katika uwanda wa kati ni masalio ya nyakati zenye maji mengi zaidi, na hivyo hupatikana kwa mabaka, si kila mahali.

Mabaka hayo yana mpangilio, na mpangilio huo una jina lililozaliwa Tanganyika. Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani milimani Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba aina za udongo hushuka mteremko kwa mfuatano unaojirudia kutoka kilima hadi kilima. Aliuita *katena*, yaani mnyororo kwa Kilatini, na neno hilo sasa linatumiwa na wanasayansi wa udongo duniani kote. Anayesafiri wilayani Bahi anaweza kuusoma mnyororo huo kwa macho: juu mawe ya matale yaliyobaki wazi, chini yake udongo mwekundu wa kichanga unaolimwa mtama na uwele, kisha udongo uliopauka, wa kijivu au manjano, mwisho mfinyanzi mweusi wa mbuga, penye majaruba ya mpunga.

Vibonge vya chuma hupendelea sehemu ya tatu. Maji yanayopenya kilimani hushuka chini kwa chini yakiwa na chuma kilichoyeyuka, na yanapofika mahali ambapo kina cha maji ya ardhini hupanda masika na kushuka kiangazi, chuma hukutana na hewa na kuganda. Ndiyo maana mchimbaji mzoefu hatafuti moramu mahali pekundu zaidi. Huitafuta ukingoni, karibu na mbuga, chini ya tabaka la udongo usiovutia.

Wekundu ni rangi. Nguvu ni jambo jingine. Chuma kidogo sana kinatosha kuipaka punje ya mchanga rangi ya damu, na udongo mwekundu wa mteremko wa juu, ukitandazwa peke yake barabarani, huwa vumbi Agosti na mfereji Januari. Hivyo katika tafsiri *udongo mwekundu* na *moramu* visibadilishane nafasi, hata kama msemaji wa mtaani huvibadilisha.

Bahi ina mtego mwingine. Kinachoitwa moramu huko kinaweza kuwa kitu cha aina tatu. Kipo cha vibonge vya chuma, chenye kahawia iliyoiva na uzito unaohisika mkononi. Kipo cha kwatzi, yaani vipande vyeupe au vya kijivu vilivyobaki baada ya matale kuoza, vigumu sana lakini visivyoshikana bila mfinyanzi. Na kando ya bonde kipo cha *kalkriti*, udongo uliogandamanishwa na chokaa iliyoachwa na maji yaliyokauka. Kalkriti hutambulika kwa tone la asidi hafifu ya haidrokloriki: hutoa povu, ilhali lateriti hainyanyuki. Kalkriti si nyenzo duni kwa asili yake, kwani Botswana imejengea barabara nyingi kwayo. Lakini tabia yake ni tofauti, na anayeiita lateriti atasubiri sifa ambazo haina.

Jambo la pembeni kwa wanaofasiri ripoti za jiolojia za zamani: wataweza kukutana na jina linalotafsirika kama “simenti ya Kilimatinde”. Hiyo si saruji ya kiwandani. Ni jina la tabaka za juujuu zilizogandamana zinazopatikana upande wa Kilimatinde na Manyoni. Kuandika “saruji” hapo ni kumfanya msomaji atafute kiwanda porini.

Mbuga

Neno *mbuga* linastahili tahadhari yake. Katika Kiswahili cha jumla ni uwanda wa majani, na katika utalii ni hifadhi ya wanyama. Katikati ya Tanzania, na hata katika maandishi ya kisayansi ya Kiingereza kuhusu nchi hii, ni bonde tambarare la mfinyanzi mweusi linalojaa maji masika. Mfinyanzi huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa nyufa zinazoweza kumeza mkono. Barabara iliyowekwa juu yake bila tahadhari hupanda na kushuka kila mwaka hata isipopitiwa na gari. “Udongo wa mbuga”, basi, katika ripoti ya barabara ni tahadhari ya kiufundi, na tafsiri inayoligeuza kuwa “udongo wa hifadhi” imeipoteza. Tuta la barabara linalovuka mbuga huhitaji kuinuliwa, kuwekewa makalavati ya kutosha, na kufunikwa kwa nyenzo bora kutoka mteremkoni. Moramu hapo hubeba uzito wa magari na pia huuzuia mfinyanzi wa chini usilowe na kukauka haraka.

Moramu, changarawe, kokoto, kifusi

*Changarawe* hutaja ukubwa wa chembe: ni vijiwe vidogo, vyovyote viwavyo, hata vya mtoni vilivyooshwa vikang’aa. *Kokoto* ni mawe yaliyopondwa, kwa mashine au kwa nyundo. *Kifusi* kwa maana ya kawaida ni lundo la udongo na mawe la jengo lililoanguka. Katika kazi za barabara ni udongo wowote wa kujazia shimo au tuta. *Moramu* ina vitu vitatu ndani yake, yaani vijiwe, mchanga na mfinyanzi, na ubora wake uko katika uwiano wa vitatu hivyo.

Ripoti rasmi Tanzania huzigawa barabara katika za lami, za changarawe na za udongo. Huo ni mgawanyo wa takwimu na haupaswi kupingwa katika tafsiri ya takwimu: mfasiri aandike “changarawe” kama ilivyoandikwa. Lakini mgawanyo huo usihamishiwe katika masharti ya ujenzi. Changarawe tupu iliyooshwa haiwezi kuwa uso wa barabara. Magurudumu huitupa pembeni ndani ya wiki chache. Mkandarasi aliyeleta changarawe ya mto baada ya kusoma mkataba uliosema “changarawe” ametimiza neno na kukosa kazi, na mbele ya wasuluhishi neno ndilo litakalosomwa.

Kinyume chake pia hutokea. “Kumwaga kifusi” katika kauli za mikutano ya hadhara mara nyingi humaanisha kumwaga moramu. Anayeandika muhtasari wa mkutano ana wajibu wa kuuliza, kwa kuwa bei ya kifusi na bei ya moramu hazilingani, na umbali wa machimbo hubadilika.

Maneno ya maabara

Hapa ndipo wanafunzi na wafasiri hukwama zaidi, na ndipo neno moja linapoweza kuigeuza hukumu kuhusu machimbo mazima.

*Ufinyangikaji* ni uwezo wa udongo kufinyangwa na kubaki katika umbo uliopewa. Tunalipendekeza neno hili, kutoka *finyanga*, badala ya *unyumbufu* ambalo limeingia katika baadhi ya tafsiri. Unyumbufu, kama lilivyozoeleka katika fizikia, ni uwezo wa kitu kurudi katika umbo lake baada ya kuvutwa, kama mpira. Mfinyanzi wa chungu haurudi, na mfinyanzi anafurahi kwamba haurudi. Kutumia unyumbufu kwa sifa hii ni kusema kinyume cha kinachopimwa.

Vipimo vyake vina asili katika kazi ya Albert Atterberg, mwanakemia wa Uswidi, mwaka 1911. Udongo ukiongezwa maji hadi uanze kutiririka, umefika *kikomo cha uoevu*. Ukipunguzwa maji hadi uzi wake, ukiviringishwa kwa kiganja, ukatike ukiwa na unene wa milimita 3, umefika *kikomo cha ufinyangikaji*. Tofauti ya unyevu kati ya vikomo hivyo viwili ndiyo *kielezo cha ufinyangikaji*. Kielezo kikubwa ni ishara ya mfinyanzi mwingi.

Udongo wa kilateriti una ujanja katika vipimo hivi. Chembe zake za mfinyanzi huwa zimeunganishwa na chuma kuwa chembe kubwa zaidi za bandia. Ukizikausha katika tanuri la maabara, zingine huungana moja kwa moja na haziachani hata zikirudishiwa maji, hivyo udongo huonekana una mfinyanzi mchache kuliko ulio nao ardhini. Ukizikanda sana kabla ya kupima, viungo hukatika na udongo huonekana mbaya zaidi. Kwa hiyo maagizo ya maabara hutofautisha *kukausha kwa hewa* na *kukausha kwa tanuri*, na hutaja muda wa kukanda. Mfasiri anayeandika “kausha sampuli” na kuendelea amefuta agizo muhimu kuliko yote katika ukurasa. Sampuli iliyopikwa inaweza kufaulu maabara, kisha uso wa barabara ukateleza kama sabuni masika.

Upo pia ujanja wa uzito. Vibonge vya chuma ni vizito kuliko mchanga wa kwatzi wa ukubwa uleule. Machekeche hupima kwa uzito, kwa hiyo asilimia ya vibonge huonekana kubwa kuliko nafasi vinayochukua kweli. Ripoti ikisema “asilimia 60 ya changarawe”, ni wajibu kuandika “kwa uzito”, hata kama chanzo kimeacha. Tena vibonge vingine ni dhaifu: hupondeka chini ya rola, na nyenzo iliyochekechwa machimboni siyo ile itakayolala barabarani.

*Nguvu ya kubeba* hupimwa kwa kipimo kinachojulikana kwa herufi CBR, kilichobuniwa katika idara ya barabara kuu ya California mwishoni mwa miaka ya 1920. Fimbo ya chuma yenye kipenyo cha karibu milimita 50 husukumwa ndani ya udongo ulioshindiliwa, na nguvu iliyohitajika hulinganishwa na ile ya kusukuma katika mawe bora yaliyopondwa. Jibu ni asilimia. Kwa kawaida sampuli hulowekwa siku nne kwanza, kwa sababu barabara huvunjika ikiwa imelowa. “CBR ya asilimia 30” pasipo kutaja kama sampuli ilikuwa imelowekwa, na ilishindiliwa kwa kiwango gani, haina maana. Mwongozo wa usanifu wa matabaka ya barabara wa Wizara ya Ujenzi ya Tanzania wa mwaka 1999 hutumia majina kama G7, G15, G25, G45 na G80. Tarakimu baada ya herufi ni CBR ya chini inayokubalika. Majina hayo yaachwe yalivyo katika tafsiri.

Kipimo kingine, kinachotumiwa sana katika mwongozo wa barabara zenye magari machache wa mwaka 2016, ni cha ncha inayopigwa kwa nyundo ya kilo 8 iangukayo milimita 575. Hapa husomwa milimita ambazo ncha imezama kwa kila pigo. Mtego wa lugha uko wazi: katika CBR tarakimu kubwa ni udongo imara, katika kipimo hiki tarakimu kubwa ni udongo dhaifu. Maneno “kiwango cha juu” hayafai popote karibu na vipimo hivi viwili. Andika “isipungue” kwa cha kwanza na “isizidi” kwa cha pili.

Na “moramu nzuri” ni nzuri kwa kazi gani? Kwa uso wa barabara isiyo na lami hutakiwa mfinyanzi wa kiasi, ili vijiwe vishikane. Ukipungua mno uso hujikunja kuwa mawimbi madogo yanayotikisa magari, ukizidi mno huteleza. Kwa tabaka la chini ya lami, mfinyanzi huohuo ni adui, na hupunguzwa makali kwa kuchanganya chokaa au saruji. Machimbo yanayosifiwa na madereva, basi, yanaweza kukataliwa na mjenzi wa lami, na wote wawili wakawa wakweli.

Kushindilia, na maji ya Bahi

*Kushindilia* ni kukandamiza kwa makusudi hadi hewa itoke. *Kusawazisha* na *kuchonga* ni kazi ya greda, na havitoshi. Mwaka 1933 R. R. Proctor, mhandisi wa Los Angeles, alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kwacho hushindilika vizuri kuliko vyote. Tunapendekeza *unyevu mwafaka*. Maji yakipungua chembe hukwaruzana zisikaribiane. Yakizidi hujaza nafasi zenyewe na kukataa kutoka. Sharti la “asilimia 95 ya densiti kavu ya juu kabisa” humaanisha kulinganisha barabara na matokeo hayo ya maabara, wala si kwamba asilimia 95 ya barabara imeshindiliwa. Kosa hilo la pili tumeliona katika tafsiri zaidi ya moja.

Katika nchi kavu jambo hili lina uzito wake. Kazi nyingi za barabara hufanywa kiangazi, wakati ambapo boza la maji hushindana na ng’ombe na ndoo za akina mama kwenye bwawa lilelile. Kishawishi cha kupitisha rola juu ya moramu kavu ni kikubwa, na kwa macho matokeo hufanana. Katika maagizo yanayotafsiriwa kwa wasimamizi, “mwagilia maji” peke yake ni dhaifu. Andika “mwagilia na kuchanganya hadi unyevu mwafaka, ndipo ushindilie”.

Ujazo: iliyolegea na iliyoshindiliwa

Kasoro hii ya lugha ndiyo inayogharimu vijiji fedha nyingi zaidi, nayo hutokana na kuacha kivumishi kimoja.

Tuchukue kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6 na tabaka la moramu la milimita 150. Ujazo ni mita za ujazo 900, lakini ni 900 *zilizoshindiliwa*. Moramu iliyo kwenye lori imelegea. Ikiwa hupungua kutoka 1.3 hadi 1 ikishindiliwa, kitakachohitajika ni mita za ujazo 1,170 zilizolegea, yaani tripu 117 za lori la mita za ujazo 10. Muhtasari wa kijiji ukiandika tu “mita za ujazo 900”, mletaji anaweza kumwaga tripu 90 kwa dhamiri safi. Zikishindiliwa, hizo 90 hutoa tabaka la milimita 115 hivi. Na uso wa moramu hulika: vumbi linalopeperushwa na magari na mchanga unaosombwa na mvua ni moramu inayokwenda, na kupoteza milimita 20 au 30 kwa mwaka si ajabu. Milimita 35 zilizokosekana mwanzoni ni zaidi ya mwaka mmoja wa uhai wa barabara.

Kwa hiyo: *mita za ujazo … zilizoshindiliwa* au *mita za ujazo … zilizolegea*, kila mara. *Tripu* ni neno halali la Kiswahili cha kazi na lisifutwe katika mazungumzo yanayonukuliwa, lakini katika makubaliano lifuatwe na ujazo wa lori.

Sarufi

Moramu ni ya ngeli ya [i-/zi-]: *moramu hii imeshindiliwa*, *moramu ya Kigwe*. Baadhi ya wasemaji husema *moramu huu umeisha* kwa kufuata udongo. Katika uandishi rasmi ni vyema kuepuka. Wingi hautumiki ila pale aina zinapotofautishwa: *moramu hizi mbili hazifanani*. Vitenzi vinavyoandamana nalo ni *chimba, somba, mwaga, tandaza, changanya, shindilia*. *Kupaka moramu* ni kosa. Kinachopakwa ni lami. Mahali pa kuchimbia ni *machimbo ya moramu*, na shimo lililoachwa baada ya kazi, ambalo masika hujaa maji na kuwa hatari kwa watoto na mifugo, huitwa pia *shimo la moramu*. Mkataba wa uchimbaji unaotaja “machimbo” tu haujasema ni nani atakayelifukia shimo.